Kalenda ya Kanisa na Stoo ya Nyumbani

Karibu kila kikundi tunachotembelea hutuuliza swali lile lile, ingawa kwa maneno tofauti. Mbona sikukuu za kanisa hutukuta mikono mitupu? Mama mmoja alitueleza bila kuficha. Agosti yeye hupeleka debe zima la mahindi kwa misa ya mavuno na watu wanampigia vigelegele. Mwezi wa tano yeye huyo huyo yuko sokoni akinunua gorogoro moja moja, na hapo hakuna anayempigia kitu.

Wengine husema ni ukosefu wa imani, wengine wanasema kanisa linaomba sana. Hatukubaliani na wa kwanza, na wa pili tutawajibu huko mbele. Kwa maoni yetu taabu kubwa ni kwamba tunaishi kwa kalenda mbili, na ni mara chache tunakaa chini kuzilinganisha. Kalenda moja imebandikwa ukutani pale sakristia. Ile nyingine iko shambani na kwenye stoo.

Pasaka huhama, mvua haijui

Noeli ni Desemba 25 kila mwaka, na kila mtu anajua. Pasaka ni tofauti. Inafuata mwezi wa angani: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa kwanza, kuanzia Machi 21. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kuja kabla ya Machi 22 wala kupita Aprili 25. Mwaka 2008 ilikuwa Machi 23. Mwaka 2011 ilikuwa Aprili 24. Hapo kuna tofauti ya mwezi mzima na zaidi! Jumatano ya Majivu huja siku 46 kabla ya Pasaka, nayo Pentekoste ni siku ya 50 ukihesabu kutoka Pasaka yenyewe. Pasaka ikihama, zote zinahama nayo.

Shamba halihami hivyo. Huku kwetu mvua ndefu huanza Machi, tunapanda, tunapalilia Aprili na Mei, maharagwe yanakauka Juni, mahindi tunavuna Julai na Agosti. Halafu mvua fupi inatukuta tukiwa na jembe tena. Sasa chukua mwaka 2025. Majivu yalikuwa Machi 5 na Pasaka Aprili 20. Maana yake Kwaresima yote ililala juu ya msimu wa kupanda na palizi ya kwanza. Mwaka 2008, Majivu yalipokuwa Februari 6, sehemu kubwa ya mfungo iliisha wakati watu bado wanatayarisha shamba. Ni mfungo ule ule wa siku 40, lakini kwa mgongo wa mama wa shamba si mzigo ule ule.

Ndiyo sababu tunawaomba viongozi wa jumuiya wasinakili ratiba ya mwaka jana. Kalenda mpya ikifika, kaeni na watu wawili wanaolijua shamba vizuri, mwandike kando ya kila Jumapili kazi inayofanyika wiki hiyo. Ni kazi ya jioni moja tu.

Kufunga wakati njaa tayari iko nyumbani

Kila mwaka Maaskofu Wakatoliki wa Kenya hutuletea Kampeni ya Kwaresima, na kila wiki jumuiya huzungumza juu ya jambo moja la haki na maisha ya watu. Ni mazungumzo mazuri. Jumuiya ndogo ndogo zenyewe zilipewa nguvu na maaskofu wa Afrika Mashariki katika mkutano wao wa mwaka 1976, ili kanisa liwe pale watu wanapoishi na kufanya kazi, si Jumapili peke yake. Basi ikiwa mada ya wiki ni chakula, tusizungumze juu ya chakula cha nchi tu. Tuulize pia: nani katika jumuiya hii amemaliza mahindi?

Kuna jambo la sheria ya mfungo ambalo wengi hawalijui, na tumeona likileta madhara. Kanisa Katoliki linawataka wafunge wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama kunaanza miaka 14. Mtoto wa miaka tisa hatakiwi kufunga. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mgonjwa hawabanwi. Na mtu anayemeza dawa kila siku asiache chakula bila kuuliza kliniki. Tulifika nyumba moja ambapo watoto walilala bila uji siku ya Ijumaa, eti ni Kwaresima. Tulipouliza kwa upole tukaambiwa unga umeisha tangu Jumatano. Kwaresima ilikuwa kisingizio cha kuficha aibu. Njaa ya namna hiyo ni ngumu kuiona, kwa sababu imevaa nguo ya ibada.

Kuhusu Njia ya Msalaba ya Ijumaa, saa tisa ni saa inayofaa kwa maana yake. Lakini wiki ya kupanda, saa tisa watu wako shambani. Vigango vingine wamehamisha ibada hadi saa kumi na moja na nusu jioni, wanatembea kutoka boma moja hadi lingine, na kila kituo wanasimama kwa mgonjwa, kwa mjane au kwa mzee anayeishi peke yake. Watoto wanabeba msalaba kwa zamu. Watoto wanapenda, na wale wazee ambao hawawezi kutembea mpaka kanisani wanapata ibada mlangoni kwao. Hapo pia ndipo unajua ni jiko gani halijawaka.

Namugongo na maharagwe

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo watu hubishana zaidi.

Mashahidi wa Uganda waliuawa kati ya 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na ndugu zetu Waanglikana wana mashahidi wao waliouawa nyakati hizo hizo, nao wana mahali pao pa kuhiji hapo hapo Namugongo. Mapapa watatu wamefika Uganda: 1969, 1993 na 2015.

Kwa sisi wa mpakani habari hii si ya nchi ya mbali. Hadi mwaka 1902 sehemu yetu hii ilihesabiwa upande wa Uganda. Mapadre wa Mill Hill walifika Uganda mwaka 1895, na kutoka huko wakaingia kwetu, wakafungua misheni Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka 1904. Askofu Hannington wa Waanglikana, aliyeuawa Busoga Oktoba 1885, alipitia Mumias akielekea huko. Samia na Teso wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo mtu wa Malaba akienda Tororo kwa arusi hasemi amekwenda ng'ambo. Hata jina bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo kimoja hadi kingine. Si ajabu basi kwamba mwisho wa Mei mahujaji wa Kenya wanapita Busia na Malaba kwa miguu, na vijana wetu wanatamani kufuatana nao.

Kutoka Busia mpaka Kampala ni karibu kilomita 200. Mtu akitembea kilomita 25 hadi 30 kwa siku, anahitaji wiki moja na siku chache, kupitia Bugiri, Iganga, Jinja na Mukono. Kwa hiyo anaondoka nyumbani kama Mei 24. Sasa tazama shamba. Maharagwe yaliyopandwa katikati ya Machi yanakauka mwanzoni mwa Juni. Maharagwe hayangoji mtu arudi kutoka hija. Mvua ikiyapata makavu, yanachipua ndani ya maganda au yanaoza, na ndiyo chakula cha kwanza kipya baada ya miezi ya njaa, tena ndiyo pesa ya kwanza. Baba akienda na mama akiwa na mtoto mgongoni, nani anang'oa maharagwe?

Hatusemi watu wasiende. Wengi wetu tuliandika makala haya tumewahi kwenda, na miguu yetu bado inakumbuka ile barabara ya Iganga. Tunasema hija iamuliwe na nyumba nzima, si na mtu mmoja. Kikundi kimoja upande wa Teso kilipatana hivi: kwa kila anayekwenda, jumuiya inajua shamba lake liko wapi na maharagwe yamefika wapi. Tarehe 3 Juni waliobaki wanasali asubuhi, kisha wanaenda pamoja kung'oa maharagwe ya waliosafiri, pamoja na ya mjane mmoja asiye na msaidizi. Wanasema nayo ni hija. Sisi tunakubali. Anayetoka Namugongo huwaletea watoto wa hao waliobaki kitu kidogo, hata kama ni rozari ya plastiki.

Kwa wanaokwenda, maneno machache. Tangu 2014 raia wa Kenya wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Pitieni ofisi ya mpaka, ambako sasa maofisa wa nchi zote mbili wako mahali pamoja. Msipite njia za panya kwa kuogopa foleni, maana ukipata shida upande wa pili hakuna anayejua kwamba uliingia. Mwanafunzi asiondolewe shuleni wiki nzima, kwa sababu muhula wa pili unaendelea. Na nauli ya kurudi iwekwe kando kabla ya kuondoka. Tumewahi kuwachangia watu waliokwama Jinja, na mchango ule ulitoka kwa akina mama ambao wenyewe walikuwa wanakopa unga.

Jumapili ya mavuno

Sasa tunawajibu wale wanaosema kanisa linaomba sana. Sisi wenyewe tulikosea, na tunakiri. Mwaka mmoja tulipanga sikukuu ya mavuno mapema mno, mwisho wa Julai, kwa sababu mgeni wetu hakuwa na nafasi nyingine. Watu wakaleta mahindi ambayo hayajakauka, kwa kuwa hawakutaka kuja mikono mitupu. Tukayarundika stoo, tukafunga mlango, tukafurahi. Baada ya wiki tatu tulipofungua, joto na harufu vilitupiga usoni. Magunia mengi yalikuwa na ukungu wa kijani. Tuliyateketeza. Tena bora tulivyofanya hivyo, maana ukungu wa namna hiyo unaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo haiishi kwa kupika wala kwa kusaga. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 huko Ukambani. Na Machi 2021, katikati ya Kwaresima, serikali ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Malori yalipanga foleni mpakani, na wanunuzi wadogo wa Busia na Malaba waliisikia mfukoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza, tarehe ya mavuno ipangwe na ukavu wa mahindi, si na nafasi ya mgeni. Njia ya kupima ni rahisi, hata mtoto wa katekisimu anaiweza. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, yenye kifuniko. Jaza mahindi mpaka theluthi moja. Weka chumvi vijiko viwili au vitatu, funga, tikisa dakika chache, halafu acha itulie robo saa. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, rudisha juani juu ya turubai. Chumvi ikianguka chini yote, unaweza kuyaweka. Tunashauri meza yenye chupa iwe mlangoni mwa kanisa siku ya mavuno. Hatutaki kumwaibisha mtu. Anayeonekana mahindi yake ni mabichi anarudi nayo nyumbani kuyakausha, na atayaleta Jumapili nyingine.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Agosti watu wanauza mahindi yote. Wanauza kwa sababu karo ya muhula wa tatu inakaribia, mbegu ya mvua fupi inatakiwa, deni la dukani linadai, na sadaka ya mavuno nayo iko. Kila mtu anauza kwa wakati mmoja, na mahindi ya Uganda, ambako wanavuna mapema kidogo kuliko sisi, yanavuka mpaka siku hizo hizo. Bei inaanguka. Tufanye hesabu, na bei hizi ni za mfano tu, wekeni zenu.

Mtu mmoja hula karibu gunia moja la kilo 90 kwa mwaka. Nyumba ya watu sita inahitaji nusu gunia kwa mwezi. Kutoka Pasaka mpaka mahindi mapya tuhesabu miezi minne, basi ni magunia mawili. Tuseme Agosti gunia linauzwa shilingi 2,700. Magunia mawili yanakupa 5,400. Halafu Aprili hadi Julai unanunua kilo zile zile 180 kwa gorogoro ya kilo mbili, tuseme kwa shilingi 120. Hizo ni gorogoro 90, yaani shilingi 10,800. Ulipata 5,400 na umelipa mara mbili yake, kwa mahindi ambayo pengine yalikuwa yako mwenyewe!

Magunia hayo mawili vikundi vingine sasa wanayaita mahindi ya Pasaka. Jumapili ya mavuno kila nyumba inatangaza imeweka mangapi. Hayaendi kwa padre wala kwa katekista. Ni ya nyumba yenyewe, lakini yanalala katika stoo ya kikundi, yenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, mmoja wao awe mama kijana na si wazee peke yao. Daftari linaonyesha jina na uzito. Stoo inafunguliwa Jumatano ya Majivu kwa ukaguzi, halafu baada ya Pasaka kila mtu anachukua nusu gunia kwa mwezi. Fukusi na dumuzi wanazuiwa kwa yale magunia yenye plastiki ndani yasiyopitisha hewa. Bei yake ni zaidi ya gunia la kawaida, lakini yakitunzwa hutumika zaidi ya msimu mmoja, na hakuna dawa ya kunyunyiza juu ya chakula.

Na karo je? Hapo ndipo mfuko wa kikundi unaingia. Kikundi cha watu 20 wakiweka shilingi 100 kwa wiki kutoka Januari, baada ya wiki 30 wana 60,000. Ni 3,000 kwa kila mmoja, mwezi wa Agosti pale pale. Haitoshi karo yote, lakini inatosha kumzuia mtu asiuze gunia la Pasaka kwa haraka. Akihitaji zaidi anakopa kikundini, na gunia lake stoo ndilo dhamana. Hakuna broka atakayekupa nafasi hiyo.

Sadaka ya mavuno yenyewe tunaona iwe baada ya mahindi ya Pasaka kuwekwa, si kabla. Wengine katika halmashauri hawakupenda wazo hili. Walisema Mungu apewe kwanza. Tulijadiliana hadi jioni na bado hatujakubaliana wote. Lakini tulipoangalia daftari la stoo na la sadaka pamoja, tuliona kwamba nyumba iliyopeleka mavuno mengi Agosti mara nyingi ndiyo iliyoandikwa kwa msaada wa chakula mwezi wa Juni. Parokia ilikuwa inawapa unga walioipa mahindi, na katikati hapo mfanyabiashara alikuwa amekula faida.

Msisahau muhogo, mtama na wimbi. Nyumba yenye muhogo shambani haitegemei gunia peke yake, maana muhogo hungoja ardhini. Wazee wanakumbuka miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato ulipovuka kutoka Uganda ukamaliza muhogo wetu. Ombeni vipando vya aina zinazostahimili kutoka kwa afisa wa kilimo, msichukue fimbo yoyote kwa jirani.

Watoto nao

Mwaka 2020 makanisa yalipofungwa kuanzia Machi kwa sababu ya korona, na hata yalipofunguliwa Julai watoto chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa, tulijifunza kitu. Nyumba zilizokuwa na desturi ya kusali pamoja jioni ziliendelea tu. Zile zilizotegemea Jumapili peke yake zilibaki kimya. Kwa hiyo kila msimu tunapendelea mtoto awe na kazi yake nyumbani. Majilio awashe mshumaa. Kwaresima aweke mahindi kiganja kimoja kila Ijumaa kwenye mkebe wa jumuiya, ikiwa yapo. Mavuno atikise chupa ya chumvi. Noeli hatuna la kuwafundisha, watoto wanaijua kuliko sisi, ila tunawakumbusha wazazi kwamba Januari inafuata Desemba kila mwaka na shule hufungua.

Mwaka 2027 Majivu ni Februari 10, Pasaka Machi 28, na Juni 3 ni Alhamisi. Maana yake wengi watakuwa wanapanda baada ya Pasaka, na miezi ya kula kutoka stoo itakuwa mirefu kuliko ya mwaka 2025 kwa wiki tatu hivi. Nyumba ya watu sita iongeze kilo 35 juu ya yale magunia mawili.

Kwa wale waliotuandikia kwamba chupa yao inaonyesha mahindi mabichi kila mara hata yakiwa makavu: anikeni chumvi juani kwanza kabla ya kuitumia. Chumvi ya jikoni huwa imeshika unyevu, nayo itashika kioo hata bila mahindi.